UZI: Matamasha ya muziki wa asili, nchi hadi nchi. Jua nani mwenye neno la mwisho kabla hujapeleka kikundi

Njuga Mguuni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Vikundi vyetu vingi vya ngoma vinaomba kwenda matamasha ya nje kwa barua ile ile moja, jina la nchi tu ndilo linabadilishwa. Majibu hayaji, na kikundi kinabaki kuamini kuna upendeleo. Mara nyingi barua imefika mahali ambapo haikuwa na kazi: tamasha halipokei maombi, au linapokea washindani waliopita mchujo tu, au lina nafasi ya watu wanane na kikundi kina ishirini na mbili.

Ukitaka kulielewa tamasha la nchi yoyote, uliza kwanza nani mwenye neno la mwisho. Naanza na kwetu, wengine wataongeza.

Usukumani neno la mwisho ni la umati. Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinacheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule. Mtazamaji hana kiti, akichoshwa huku anahamia kule, na wenye duara nene zaidi ndio washindi. Ndiyo maana manju wa Kisukuma, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi, anatunga nyimbo mpya kila msimu, na ndiyo maana kuna kurusha majembe kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, na kucheza na nyoka. Kosa kubwa la hapo ni kutoa kitu chako kikali mapema. Ukimaliza nyoka saa nane, saa tisa duara lako limebaki watoto.

Zanzibar, kwenye Sauti za Busara, neno la mwisho ni la waandaaji. Tamasha linafanyika Mji Mkongwe tangu 2004, kila Februari, na sharti lake kuu halijabadilika: muziki upigwe laivu asilimia mia, hakuna kuimba juu ya CD. Wanaochagua wanasikiliza rekodi ulizowatumia, kwa hiyo video ya kamera moja ya onyesho halisi, sauti ikiwa safi na haijakatwakatwa, ina nguvu kuliko klipu ya kifahari iliyopigwa ufukweni. Fedha ni za wafadhili na tiketi. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutimia. Kikundi kikubwa cha ngoma au beni (ngoma ya pwani ya mtindo wa bendi) kiangalie pia gwaride la ufunguzi linalopita mitaani, maana kule wingi wa watu ni faida.

Bagamoyo mwenye tamasha ni chuo, TaSUBa, na limekuwepo tangu 1982. Pale unakutana na walimu na wanafunzi wa sanaa, kwa hiyo ukipeleka ngoma peleka na mtu anayeweza kuieleza.

Kenya, Ulaya, Marekani, Uarabuni: karibuni.

Kisesa Juu

Nyongeza ya tarehe, maana watu wanakwenda Bujora wakakuta uwanja mtupu. Bulabo inafuata sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa kalenda ya Kanisa ni Alhamisi, siku 60 baada ya Pasaka, na sehemu nyingi huadhimishwa Jumapili inayofuata. Pasaka inahama, nayo inahama, kati ya mwisho wa Mei na wiki ya mwisho ya Juni. Hesabu kutoka Pasaka ya mwaka husika, usitegemee tarehe ya mwaka jana.

Mwalimu wa Kwaya

Huku Kenya jaji ameketi na karatasi. Kenya Music Festival ina mizizi tangu miaka ya 1920 na ni ya shule na vyuo. Mnapanda ngazi kwa ngazi hadi taifa, na baadhi ya washindi huitwa kuimba mbele ya Rais. Kila mwaka hutoka silabasi yenye makundi yake: nyimbo za asili kwa jamii, ngoma, nyimbo za asili zilizopangwa upya kwa sauti za kwaya, na mengine mengi. Usipoisoma utaandaa kitu kizuri kwenye kundi lisilo lake.

Makosa yanayorudi: shule inachukua wimbo wa jamii ya mbali, wanafunzi wanaimba sauti safi lakini matamshi yanawasaliti, na jaji anayejua lugha hiyo anasikia tangu mstari wa kwanza. Dawa yake ni kumleta mzee au mama wa jamii hiyo wiki za mwanzo, kabla makosa hayajakaa ulimini. Wiki ya mwisho ni ya kumwita mshonaji tu. Kosa la pili ni muda. Wimbo wa kazi unaoanza polepole kijijini hauwezi kuanza polepole hivyo kwenye dakika chache za jukwaani. Chagua sehemu tatu: kuingia, kilele, kutoka. Usijaribu kuubana wote kwa kuukimbiza, kwa sababu mwendo ukibadilika miguu nayo inabadilika, na hapo si ngoma ile tena.

Lizombe

Mwalimu, heshima kwako, lakini hii si ndiyo inayoua ngoma? Ngoma ya usiku kucha unaikata dakika saba, unaipa alama, halafu watoto wanakua wakijua zile dakika saba tu.

Mwalimu wa Kwaya

Hoja ni nzito, ndugu Lizombe. Watoto wengi wa mjini wasingeijua hata sehemu ya dakika saba bila mashindano haya. Hatari ya kweli ni pale mwalimu anapoiga video ya mshindi wa mwaka jana badala ya kwenda kwa wenye ngoma. Baada ya miaka mitano shule thelathini zinacheza hatua zile zile. Jaji mzuri hulikemea hilo kwenye maoni yake, ila si wote wanalikemea.

Njuga Mguuni

Naongeza kwamba kushindana ni kwetu tangu zamani. Beni ya pwani ilikuwa na vyama pinzani vya Marini na Arinoti wakipimana nguvu kabla ya shule yoyote kuweka jaji. Kilichogeuka ni nani anahukumu. Umati ukihukumu, ngoma inakwenda kwenye mshangao na utani wa papo kwa papo. Ikihukumu karatasi, ngoma inakwenda kwenye usawa wa mistari na sare. Ukitazama kikundi dakika mbili unajua kimelelewa na hukumu ipi.

Vina na Mizani

Nichangie Ireland na Wales, maana wengi wanazichanganya.

Ireland ina Fleadh Cheoil, tamasha la muziki wa asili. Chama chake, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, na Fleadh ya kwanza vyote ni vya 1951, mji wa Mullingar. Inafanyika Agosti na huhama mji. Washindani wamegawanywa kwa umri: chini ya 12, 12 hadi 15, 15 hadi 18, na zaidi ya 18. Unaanzia kaunti, unakwenda jimbo, ndipo taifa. Lakini maelfu wanaokwenda hawashindani kabisa. Wanakwenda kukaa duara kwenye baa na pembe za mitaa kupiga pamoja, bila jukwaa wala spika. Duara hilo lina adabu zake. Mgeni haanzishi wimbo kabla hajasikiliza kidogo. Na akiwepo tayari mpiga bodhrán, ile ngoma yao ya mkononi, wa pili hajiungi, maana ngoma mbili zikigongana fidla haisikiki. Mpiga ngoma wa kwetu akifika pale na msondo akadhani anawachangamsha, atakuwa amewanyamazisha.

Wales wana Eisteddfod ya Taifa, tamasha la mashindano ya ushairi na muziki, wiki ya mwanzo ya Agosti, mwaka mmoja kaskazini na unaofuata kusini. Kanuni ya lugha ni ya 1950: jukwaani ni Kiwelisi tu. Sisi wa Kiswahili tulitazame hili kwa jicho la karibu, kwa sababu pale mshairi ndiye mfalme. Heshima ya juu kabisa ni kiti cha enzi kwa shairi la kanuni kali, cynghanedd, ambamo konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari zinaitikiwa na nusu ya pili. Anayejua utenzi ataelewa uzito wake: ni kama vina vingehitajika ndani ya mstari mzima, si mwishoni na katikati tu. Washairi wanaleta kazi kwa jina la siri. Siku ya siku jina hilo linatajwa ukumbini, na mshindi anasimama alipoketi kati ya maelfu, taa ikimtafuta. Upanga unashikwa nusu nje ya ala, umati unaulizwa mara tatu kama kuna amani, nao wanaitikia kwamba ipo. Ndipo anakalishwa kitini. Majaji wakiona hakuna shairi lililofikia kiwango, kiti hakipewi mtu mwaka huo.

Kuna pia cerdd dant: kinubi kinapiga wimbo wake, mwimbaji anaimba shairi kwa sauti nyingine juu yake, naye mara nyingi anaingia baada ya kinubi kuanza. Sharti ni wamalize pamoja. Akikosea hesabu mwanzoni, kosa linaonekana mstari wa mwisho, hakuna pa kujificha.

Kikundi cha nje kinachotaka Wales kisiombe hii ya Taifa. Kiangalie Llangollen, eisteddfod ya kimataifa iliyoanza 1947, inayokaribisha kwaya na wachezaji wa nchi zote.

Kwaya Kuu

Estonia hakuna mwimbaji nyota wala mshindi kwenye siku yenyewe. Laulupidu, tamasha lao la kwaya, ilianza Tartu mwaka 1869 na sasa hufanyika Tallinn, kwa kawaida kila miaka mitano. Latvia walianza 1873, nao kila mitano, Lithuania 1924, nao kila minne. Mwenye neno la mwisho ni kitabu cha nyimbo. Wakurugenzi wanachagua nyimbo mapema, kwaya zinajifunza nyumbani, kisha zinasikilizwa mikoani. Isiyoweza nyimbo zake haiendi. Zinazofaulu zinakutana Tallinn kwa mazoezi ya pamoja, waimbaji zaidi ya 20,000.

Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo kwaya zetu kubwa za makanisa zingefaidika nalo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 34 nyuma yako, sauti yake inakufikia ikiwa imechelewa moja ya kumi ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni moja ya tano ya pigo. Ukiimba kwa kumfuata unayemsikia, safu ya nyuma inachelewa, nawe unaisubiri, naye kiongozi anavutwa nyuma hadi wimbo unalala. Kwa hiyo kiongozi anasimama juu ya mnara mahususi ili wote wamwone, na amri ni moja: tazama mkono, usifuate sikio. Nyimbo nazo zinachaguliwa kwa hilo. Wimbo wenye silabi nyingi za haraka unasagika, wenye mistari mirefu unang'aa.

Lizombe

Kwaya Kuu, hiyo ya mkono na sikio inaeleza mengi yanayotokea kwenye kongamano la kwaya uwanjani. Ahsante sana.

Mdau wa Maryland

Marekani kuna angalau njia tatu, na mlango wa kila moja ni wake.

Newport Folk Festival ilianza 1959 na leo ni ya tiketi na wasanii wenye majina. Mwaka 1963 waliweka utaratibu wa kumlipa kila msanii dola 50, mkubwa kwa mdogo, pamoja na nauli na malazi, ili fedha nyingine ziende kutafuta wapigaji wa vijijini. Utaratibu huo haupo tena, ila unaonyesha walichokuwa wanakitaka.

National Folk Festival ni ya 1934. Haina kiingilio na inakaa mji mmoja kwa kawaida miaka mitatu kisha inahama, ikiuachia mji tamasha lake.

Smithsonian Folklife Festival ni ya 1967, pale National Mall, Washington, majira ya Julai 4, nayo bure. Hii huombi kwa barua. Watafiti wao wanachagua nchi au mada, wanakwenda huko, wanakaa na mafundi na wapigaji, kisha wanawaalika. Kenya ilialikwa 2014, na pamoja na muziki walikwenda mafundi wa ufundi mbalimbali. Kila hema lina mtangulizi anayeeleza, na watazamaji wanauliza maswali katikati. Kikundi kisichozoea kukatizwa kinachanganyikiwa. Mnachotakiwa kujiandaa nacho ni kuvunja ngoma vipande: huyu anapiga nini peke yake, yule anaitikia vipi, wimbo unasema nini. Anayejua kucheza tu bila kueleza, nusu ya siku atakaa bila kazi.

Fundi Spika

Niingie upande wa jukwaa, kwa sababu hapa ndipo kikundi kizuri huonekana kibovu.

Ngozi kwanza. Kijijini unakoka majani makavu, unazungusha ngoma motoni, unaigonga kwa ncha za vidole hadi sauti ipande, unaingia uwanjani. Ulaya, ndani ya hema, moto wa wazi ni marufuku, na jioni umande unailegeza ngozi ndani ya nusu saa. Andika kwenye mahitaji yenu tangu barua ya kwanza: hita ya umeme nyuma ya jukwaa na soketi yake. Dharura, mashine ya kukaushia nywele inafaa, sentimita 25 hivi kutoka kwenye ngozi, ikizungushwa bila kusimama. Ngoma yenye ulimbo katikati usiipulizie pale pale, ulimbo unalainika na sauti inapotea. Nenda na vumi (ngoma kubwa) mbili kama mnaweza, moja ikipigwa nyingine ipate joto.

Maiki ya ngoma kubwa iwe kama sentimita 10 juu ya ukingo, ikitazama mkono unapotua. Ukiiweka kwenye tundu la chini unapata mngurumo bila pigo. Njuga hazishikwi na maiki ya mwimbaji: omba mbili za chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, mbele ya mstari wa wachezaji. Zumari lina nguvu, liache nusu mita na zaidi, kwenye ukumbi mdogo lisiwekewe kabisa.

Na sasa ilimba ya Wagogo, ala ya vidole yenye vibao vya chuma. Ule mchakacho wake unatoka kwenye utando wa buibui uliozibia tundu. Fundi wa kigeni akiusikia anadhani waya umeharibika. Anabadilisha waya, mchakacho upo, anabadilisha maiki, upo, mwisho anakata masafa ya juu na ilimba inabaki kama sanduku linalogongwa kwa mbali. Mwambieni kabla: mlio huo ni sehemu ya ala, usiuguse. Iandikeni kwenye orodha ya maiki, mstari wa ilimba, kwa lugha yake.

Chora ramani ya jukwaa hata kwa mkono: nani anasimama wapi, ngapi wanaimba, ngapi wanatembea. Manju anayetembea apewe maiki isiyo na waya, ama sivyo atakanyagwa na wachezaji wake.

Mwana Sur

Oman mwenyeji na mlipaji mara nyingi ni serikali. Wakati wa khareef huko Salalah, msimu wa mvua za manyunyu kati ya Juni na Septemba, sanaa za asili zina nafasi yake, na wanaoshiriki ni vikundi vinavyotambulika na kualikwa. Ngoma ya al-bar'ah, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2010, utaiona Dhofar. Nanyi wa pwani mtaisikia ngoma ya lewa na kuitambua: duara, mpiga zumari katikati, ngoma kubwa wakiiita msondo, na maneno ya Kiswahili ndani ya nyimbo ambayo vijana wengine wanayaimba bila kujua maana. Kikundi cha Unguja kinachotaka kuja kisiandikie tamasha moja kwa moja. Kipitie wizara ya kwao ya utamaduni na ubalozi, maana mwaliko unashuka kutoka juu.

Kisesa Juu

Swali kwa wanaojua: mavazi ya ngozi ya mbega na ngoma za ngozi ya kenge zinapita mipakani?

Njuga Mguuni

Bila kibali hazipiti. Mbega, kenge na chatu wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na vazi linahesabika sawa na ngozi nzima. Kibali kinatoka kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako kabla ya safari, na kila kipande kiandikwe. Wengi sasa wanashona manyoya ya bandia kwa safari na kuacha ya asili nyumbani, nami naona ni uamuzi sahihi. Vazi la babu likichukuliwa uwanja wa ndege halirudi.

Mpingo uliingia kwenye masharti ya CITES Januari 2017 pamoja na jamii yake yote, na zumari au filimbi zikawa na usumbufu mkubwa. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa humo. Gogo la mpingo la kuchongea bado lina masharti.

Ngozi ya mbuzi na ng'ombe iwe imekauka na kutiwa dawa. Ngozi mbichi yaweza kubeba vimelea vya kimeta: mwaka 2008 fundi ngoma mmoja London alifariki kwa kimeta kilichotokana na ngozi alizokuwa akizifanyia kazi. Ndiyo maana Australia wanataka utangaze kila ngoma unapofika, na wanaweza kuamuru itiwe dawa kwa gharama yako. Tangaza hata kama hujaulizwa.

Viza nazo. Viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla, na angalau siku 15 kabla ya safari, ada ya mtu mzima euro 90 tangu Juni 2024. Zidisha kwa watu kumi na wawili ndipo ujue kwa nini tamasha linaomba kikundi cha wanane. Marekani, viza ya P-3 ya wasanii wa utamaduni mahususi inaombewa kwanza na mwenyeji aliyeko kule, kikundi hakiwezi kuianza chenyewe. Uingereza ina orodha ya matamasha ambayo mwalikwa hahitaji cheti cha udhamini, kwa hiyo uliza kama tamasha lenu limo. Na mkitajiwa malipo, ulizeni kama ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30 Marekani na 20 Uingereza.

Lizombe

Na ngoma zisizofaa kupanda jukwaani? Za pepo, za unyago?

Vina na Mizani

Essaouira, Morocco, wamelikabili hilo tangu tamasha la Gnaoua lianze 1998. Lila, ibada ya Gnaoua, ni ya usiku kucha, ya tiba, yenye mpangilio wa rangi na roho zake. Uwanja mkubwa unapata kipande kifupi, guembri (ala ya nyuzi) na kwaya ya makarakeb (vigonganishi vya chuma), na lila zinabaki kwenye zawiya, nyumba zao za ibada, kwa watu wachache. Wenye ngoma ndio wanaopaswa kusema kipi kitoke na kipi kibaki. Burundi ni serikali iliyosema: amri ya 2017 inawaachia wanaume peke yao kupiga ingoma, ngoma zao kubwa, na kikundi kinahitaji ruhusa ya wizara. Mwandaaji anayealika kikundi kutoka Burundi aulize hilo kabla ya kuchapisha mabango.

Kisesa Juu

Nimelipata. Kwa hiyo kwa kikundi cha watu 22 cha bugobogobo, Julai, wa kwanza kuandikiwa ni nani?

Njuga Mguuni

Llangollen, kama mko tayari kuchujwa na kusimama mbele ya majaji, na kama mtapata wa kuwalipia nauli, maana ni watu wengi. Soma kanuni zao za mwaka husika kuhusu idadi na umri, uandike mapema mwaka mmoja kabla. Kwa matamasha mengine, gawa kikundi sasa hivi: wanane wa safari wenye onyesho la dakika 45, na kikundi kizima kwa Bujora na magwaride. Majembe pimeni na mfungashe kwenye mzigo wa chini, mipini ikiwa imetolewa. Hayapandi na mkoba wa mkononi.